Maswali ya Wasomaji: Kiuno, Kitambi na Mazoea ya Kila Siku

Tulipowaomba maswali kuhusu kupunguza kiuno, wengi wenu mliuliza zoezi gani linaondoa mafuta ya tumbo. Wachache sana waliuliza kuhusu chupa ya mafuta ya kupikia, sukari ya kwenye chai au saa ya kulala, na huko ndiko kiuno kinakoamuliwa zaidi. Majibu ya mwezi huu yameandikwa na wataalamu wetu wa lishe na mazoezi.

Nafanya sitapu 100 kila asubuhi, huu mwezi wa tatu. Tumbo nalisikia limekaza, lakini mkanda nafunga tundu lile lile. Nakosea wapi? (Kaka, miaka 34)

Zoezi hulikosei, kaka. Tatizo ni kwamba umelipa kazi isiyo yake. Sitapu hujenga misuli ya tumbo. Mafuta yaliyo juu ya misuli hiyo, na yale yaliyojificha ndani yakizunguka ini na utumbo, hayachomwi na misuli iliyo jirani nayo. Mwili ukihitaji nishati, homoni husafiri kwenye damu na kufungua akiba ya mafuta sehemu zote, na wapi yaanze kupungua huamuliwa na urithi, jinsia na umri. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 24 kwa wiki 6. Kundi moja lilifanya mazoezi 7 ya tumbo, siku 5 kwa wiki, jingine halikufanya. Waliofanya walipata misuli yenye kustahimili zaidi, lakini mafuta ya tumbo na kipimo cha kiuno havikubadilika.

Angalia pia hesabu yenyewe. Sitapu 100 zinaisha ndani ya dakika chache na hazifikishi kalori 50. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi dakika 45 hutumia takriban kalori 200. Kasi tunayoisema ni ile ambayo unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Jambo la kutia moyo ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo hupungua kwa mazoezi haya hata pale mizani inapokataa kushuka.

Siku za nguvu, chagua mazoezi yanayoshughulisha misuli mikubwa: skwoti (kuchuchumaa na kuinuka), pushapu (anzia ukutani au kwenye meza imara kama sakafuni bado ni shida), na kuvuta kitu kizito kuelekea kifuani. Fanya seti 3 za marudio 8 hadi 12. Marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Yakiwa mepesi, ongeza uzito.

Tumbo lenyewe lipe planki, yaani kujishikilia kifudifudi mwili ukiwa umenyooka. Viwiko viwe chini ya mabega moja kwa moja, vidole vya miguu sakafuni, makalio yamekazwa, macho yanatazama chini. Anza na sekunde 20, pumzika, rudia mara 3, na usizuie pumzi. Kosa la kawaida ni kiuno kuzama chini mtu akichoka: hapo misuli ya tumbo imeshaacha kazi na mgongo ndio unaobeba, na ndiyo sababu wengi hulalamika kuumwa mgongo. Kiuno kikianza kuzama, shuka, hata kama sekunde hazijatimia.

Nina tepu ya fundi cherehani. Asubuhi napata sentimita 86, jioni 90, mume wangu akinipima anapata 83. Nifuate ipi? Na kiuno changu kinatakiwa kuwa ngapi? Urefu wangu ni sentimita 162. (Dada, miaka 41)

Fuata ya asubuhi, lakini kwanza tuhakikishe tepu inakaa mahali pake. Simama wima bila nguo tumboni. Tafuta kwa kidole mwisho wa mbavu ubavuni, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pa kupimia. Wengi hupima pale suruali inapokaa, ambapo ni chini mno. Kwa mwenye kitambi, suruali mara nyingi hukaa chini ya kitambi chenyewe. Zungusha tepu iwe sambamba na sakafu, mbele na nyuma. Iguse ngozi bila kuiminya. Toa pumzi ya kawaida, kisha soma. Pima mara 2. Tofauti ikizidi sentimita 1, rudia. Zile 83 za mume wako huenda zinatokana na tepu kuvutwa, au wewe kuvuta tumbo ndani bila kujua. Hilo la pili hutokea kwa karibu kila anayepimwa na mtu mwingine.

Tofauti ya asubuhi na jioni si mafuta. Ni chakula kilichoko njiani, gesi na maji. Mlo wenye chumvi nyingi huongeza, siku za kukaribia hedhi huongeza, na kukosa choo siku mbili huongeza pia. Kwa hiyo pima mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, ukishatoka chooni na kabla ya kula au kunywa. Andika. Baada ya wiki 4 ndipo utazame mwelekeo.

Kuhusu lengo, kanuni nyepesi ni kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Kwako nusu ni 81, hivyo kwa 86 umepitiliza kidogo. Mipaka mingine inayotumika sana: kwa wanawake hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kuongezeka kuanzia sentimita 80 na huwa kubwa kuanzia 88, kwa wanaume ni 94 na 102. Kwa wanaume wa baadhi ya jamii za Asia mpaka huanzia 90. Mwembamba mwenye kitambi naye asijipe moyo kwa sababu ya mizani tu. Uzito wake unaweza kuwa sawa kabisa huku kiuno kikiwa kimevuka mstari.

Nakula kidogo kuliko wote nyumbani, asubuhi sili kabisa, kazi yangu ni ya mezani. Kiuno kinaongezeka tu. Je, ni homoni? (Dada, miaka 38)

Homoni zinaweza kuhusika, na dalili zake tutazitaja kwenye jibu la mwisho. Lakini kabla ya kwenda maabara, dada, fanya uchunguzi wa siku 4 jikoni kwako, moja kati ya hizo iwe ya wikiendi. Andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na kuonja wakati wa kupika, kumalizia sahani za watoto na kikombe cha ofisini. Andika wakati ule ule, usingoje usiku; kumbukumbu ya usiku husahau vidogo, na vidogo ndivyo tunavyovitafuta.

Anza na mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, kina takriban kalori 120. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, vijiko 5 vinatoka kabla hujainua mkono. Hizo ni kalori 600 ndani ya sufuria moja, na hazijazi tumbo hata kidogo. Kwa mboga ya watu 4, vijiko 2 vinatosha. Sufuria ipate moto kwanza, weka mafuta uliyoyapima, kisha kitunguu. Kikianza kushika, ongeza kijiko cha maji badala ya mafuta, funika dakika 2, koroga. Hata kupunguza moto kidogo husaidia, kwa sababu kitunguu kinachoungua ndicho kinachomfanya mpishi anyanyue chupa tena. Ukikaanga kwa mafuta mengi, yaache yapate moto sawasawa. Chakula kikiingia kwenye mafuta vuguvugu hunyonya zaidi.

Kisha vinywaji. Soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, kama kalori 140, na juisi ya matunda iliyochujwa haiko mbali na hapo hata kama umeikamua mwenyewe. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4. Vijiko 3 mara vikombe 4 kwa siku ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa anayehitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 50 na 25. Chai peke yake imekula karibu posho yote. Usiikate sukari kwa siku moja, maana wengi wanaofanya hivyo hurudi nyuma. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, na baada ya miezi michache chai ya zamani utaiona tamu mno.

Sasa asubuhi. Kutokula asubuhi si kosa kwa kila mtu. Kosa ni kile kinachofuata kwa wengi: saa 4 vitafunwa, mchana haraka haraka, usiku njaa ya siku nzima inalipwa kwa sahani mbili. Kama hiyo ndiyo hali yako, kula asubuhi chakula chenye protini: mayai 2 yana gramu 12 hivi, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15. Protini hushikilia shibe kuliko mkate mweupe na chai tamu. Mchana na usiku, nusu ya sahani iwe mboga, robo protini, robo wanga. Anza na mboga na protini, malizia na wanga. Taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo, kwa hiyo anayemaliza kwa dakika 7 anaongeza chakula kabla hajajua kama ameshiba.

Punguza pia vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana: biskuti, vitafunwa vya pakiti, nyama za kusaga zilizokolezwa, tambi za haraka. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu 20 kituoni, wiki 2 wakila vyakula hivyo na wiki 2 vyakula vya kawaida, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo 1.

Nyuzinyuzi nazo tafuta angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye kunde, mboga, matunda mazima na nafaka zisizokobolewa. Ongeza polepole, chakula kimoja kwa wiki, na maji yaongezeke pamoja nayo. Anayeruka ghafla kutoka mkate mweupe hadi maharagwe mara tatu kwa siku hujaa gesi, tumbo linafura, naye anaamua kwamba chakula bora kinamnenepesha. Tumeona watu wengi wakiacha njia nzuri kwa sababu hii tu. Mwisho, pale mezani usikae mfululizo: kila dakika 30 hadi 45 simama, tembea dakika 2 au 3. Baada ya kila mlo mkubwa tembea dakika 10 hadi 15. Sukari ya damu hupanda kidogo kuliko ungeketi.

Maji ya limau, siki, chai za kupunguza tumbo na mikanda ya kubana: kipi kinafanya kazi? (Wasomaji kadhaa)

Maji ya limau yanasaidia iwapo yamechukua nafasi ya soda. Limau lenyewe haliyeyushi mafuta. Siki isiyochanganywa na maji huharibu meno na kuunguza koo.

Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki au dawa nyingine ya kuharisha. Dawa hizo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na madini, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili udunde sawasawa. Zikitumika siku nyingi mfululizo ni hatari, na tunaomba sana mziache.

Mkanda wa kubana hutoa jasho, na jasho linarudi ukinywa maji. Ukikazwa husukuma tumbo juu na kuleta kiungulia, na pumzi huwa fupi.

Nafanya kazi za zamu, usiku mara 4 kwa wiki. Mchana nalala kwa muda wa saa 5 tu. Kiuno kimeongezeka sentimita 8. Usingizi unahusika kweli? (Ndugu, miaka 29)

Unahusika sana. Usingizi ukiwa mfupi, homoni ya njaa hupanda na ile ya shibe hushuka, na hamu huelekea kwenye vitamu na vya kukaanga. Mwaka 2022 yalitoka matokeo mawili yanayokuhusu. La kwanza, watu 12 wenye afya waliozuiwa wasilale zaidi ya saa 4 kwa usiku, kwa muda wa wiki 2, mafuta yao ya ndani ya tumbo yaliongezeka kwa takriban asilimia 11. La pili, huko Chicago, watu wazima wenye uzito uliozidi waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu walisaidiwa kuongeza usingizi kwa saa 1 na dakika chache. Bila kuambiwa wabadili chakula, walipunguza ulaji kwa takriban kalori 270 kwa siku.

Lengo lako ni saa 7. Kama haziji kwa mkupuo mmoja, lala kwa saa 5 ukitoka zamu na ongeza saa 2 kabla ya kurudi kazini. Chumba kiwe giza kabisa: pazia zito au kitambaa cha macho, simu nje ya chumba. Ukitoka kazini vaa miwani ya jua, kwa kuwa mwanga wa asubuhi huuambia ubongo siku imeanza. Kahawa ya mwisho iwe saa 6 au zaidi kabla ya kulala. Mlo mkubwa kula kabla ya zamu. Katikati ya usiku kula kidogo, kitu chenye protini ulichobeba kutoka nyumbani, maana saa 9 usiku kinachopatikana karibu ni cha pakiti. Siku za mapumziko usigeuze ratiba nzima. Bakiza angalau saa 3 au 4 za usingizi zinazolingana na siku za kazi.

Nina miaka 51, hedhi imekoma mwaka jana. Sijabadili chakula, lakini mafuta yamehama kutoka mapajani kuja tumboni. (Mama)

Ulichokiona ni sahihi, mama. Estrojeni, homoni ya kike, ikipungua, mwili huacha kupeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja na kuanza kuyaweka tumboni. Wakati huo huo misuli hupungua kwa umri, hivyo chakula kile kile kinazidi mahitaji. Njaa haitakusaidia hapa, kwa sababu ukila kidogo sana utapoteza misuli zaidi na tatizo litakua.

Weka mazoezi ya nguvu mbele: mara 2 au 3 kwa wiki, dakika 30. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kutumia mikono, marudio 10, seti 3, ndio mwanzo mzuri. Ikiwa rahisi, shika chupa za maji za lita 1 na nusu. Mifupa nayo inafaidika. Protini iwe gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako, ikigawanywa kwenye milo 3. Kwa mama wa kilo 70 ni gramu 70 hadi 84 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Mtoto ana miezi 5, nanyonyesha. Tumbo bado kama la mimba ya miezi 4. Nifanye sitapu? (Mama mzazi)

Hongera kwa mtoto. Sitapu zisubiri kwanza ujipime. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu vikielekea chini ya tumbo, kisha inua kichwa tu. Ukihisi mwanya wa vidole zaidi ya 2 kati ya kingo mbili ngumu, misuli ya tumbo imeachana na haijarudi. Wengine huona mstari mrefu unachomoza katikati ya tumbo wanapoinuka kitandani. Sitapu katika hali hiyo huzidi kusukuma mwanya.

Fanya hivi badala yake: ukiwa umelala hivyo hivyo, vuta pumzi, kisha ukiitoa polepole vuta kitovu ndani na kaza misuli ya njia ya mkojo, shikilia sekunde 5, legeza. Marudio 10, mara 2 kwa siku. Baada ya wiki mbili ongeza kutelezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha huku tumbo limebaki limevutwa. Likichomoza, rudi hatua moja. Ukiinuka kitandani, geukia ubavu kwanza, kisha jisukume kwa mkono. Mwanya usipopungua, au ukivuja mkojo unapokohoa, muone mtaalamu wa fiziotherapia. Uliyejifungua kwa upasuaji pata ruhusa ya daktari kabla ya kuanza.

Kuhusu chakula, usijinyime. Kunyonyesha pekee hutumia takriban kalori 500 kwa siku. Punguza vya sukari, kula milo kamili, na acha uzito ushuke polepole.

Nakunywa bia 4 Ijumaa na 4 Jumamosi tu. Hizo nazo zinaleta kitambi? (Kaka, miaka 45)

Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za alkoholi, na kila gramu ni kalori 7. Ukijumlisha na wanga wake unapata takriban kalori 200. Kwa bia 8 ni kalori 1,600, kabla ya nyama na vya kukaanga vinavyoagizwa pembeni. Zaidi ya hapo, ini huanza kushughulikia alkoholi kwanza. Bia moja kama hiyo huchukua takriban saa 2, na muda wote huo uchomaji wa mafuta unashuka. Ulichokula pamoja na bia kinawekwa akiba.

Kula mlo kamili kabla ya kutoka. Kila baada ya bia, glasi ya maji. Usijaziwe kabla glasi haijaisha, maana utapoteza hesabu. Shuka hadi 2 kwa jioni, kisha jioni moja kwa wiki. Ila anayekunywa kila siku na akikosa anatetemeka au kutoka jasho asiache ghafla peke yake. Aende hospitali, kwa sababu kuacha huko kunaweza kuleta degedege.

Je, kula ndani ya saa 8 tu kwa siku kunapunguza kiuno kuliko njia nyingine? (Msomaji)

Hakuzidi. Mwaka 2022 watafiti wa Uchina walichapisha matokeo ya watu 139 wenye unene, waliofuatwa miezi 12. Wote walipunguziwa kalori. Nusu yao walitakiwa pia kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Makundi yote mawili yalipungua, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Kama dirisha la saa 8 linakuzuia kula usiku mbele ya televisheni, litumie. Likikufanya ule kupita kiasi linapofunguka, liache. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze bila daktari, na wajawazito na wanaonyonyesha wasijaribu.

Nilipungua sentimita 7 ndani ya miezi mitatu. Sasa wiki 5 tepu haisogei. (Dada, miaka 33)

Sentimita 7 ni kazi nzuri. Kwa wastani kiuno hupungua kama sentimita 1 kwa kila kilo 1, na kilo nusu hadi 1 kwa wiki ndiyo kasi inayodumu. Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kuliko ule wa mwanzo, na bila kujua tunajongea kidogo zaidi tunapokula kidogo. Halafu vipimo hulegea: kijiko cha mafuta kimerudi kuwa mmimino, wali umeongezeka kijiko kimoja.

Andika na kupima kila unachokula kwa siku 4, kama tulivyomshauri dada wa kazi ya mezani. Baada ya hapo badili kitu kimoja tu: ama ongeza dakika 15 za kutembea kila siku, ama punguza kalori 150 hivi. Subiri wiki 4 kabla ya kuhukumu. Na kama kiuno chako kimeshashuka chini ya nusu ya urefu wako, huenda umefika. Kazi iliyobaki ni kukaa hapo hapo.

Tumbo la kaka yangu limekua ghafla ndani ya miezi miwili, gumu, ila mikono na miguu imekonda. Afanye mazoezi gani? (Ndugu)

Asifanye zoezi lolote kwanza. Aende hospitali wiki hii. Kitambi cha mafuta hukua kwa miezi na miaka, na mwili wote hunenepa pamoja nacho au hubaki ulivyo. Tumbo linalokua haraka huku viungo vikikonda laweza kuwa na maji yanayotokana na ini, moyo au figo, au uvimbe. Kwa wanawake uvimbe wa mfuko wa uzazi au wa kokwa za mayai huanza hivyo pia. Macho kuwa ya njano, miguu kuvimba, kutapika, damu kwenye choo, homa au kupumua kwa shida: haya yasingoje hata kesho.

Zipo pia ishara za homoni tulizoahidi kuzitaja. Uso kuwa wa mviringo, mikono na mapaja kukonda, michirizi mipana ya zambarau tumboni na ngozi kuchubuka kirahisi huashiria homoni ya kotisoli iliyozidi, na mara nyingi chanzo ni dawa za steroidi zilizotumika muda mrefu, hata za kupaka. Anayezitumia asiziache ghafla kwa uamuzi wake, ni hatari. Uchovu, kuhisi baridi wakati wengine hawahisi, na kukosa choo huashiria tezi ya shingo kufanya kazi kidogo. Kipimo chake ni cha damu.

Kaka yako aende na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na krimu za ngozi, tarehe alipoanza kuona mabadiliko, na vipimo vya kiuno na uzito kama vipo. Aseme ukweli kuhusu pombe. Daktari atamgonga tumbo kwa vidole kusikia kama kuna maji, kisha kwa kawaida ataagiza picha ya altrasaundi na vipimo vya damu vya ini na figo.